Unasafiri kwa ndege na familia? Fahamu haya kabla ya kufunga begi la mkononi

Kwa wakazi wa Geita, safari ya ndege si habari ya mbali tena. Wapo wanaopandia uwanja wa ndege uliopo Chato, na wapo wanaovuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda kupandia Mwanza. Wengi husafiri na watoto, na wengine wanampeleka mgonjwa Dar es Salaam au nje ya nchi. Begi la mkononi ndilo linalobeba dawa, maziwa ya mtoto na nyaraka. Kitu kikizuiliwa kwenye ukaguzi, hakuna muda wa kurudi nyumbani.

Vitu vya majimaji

Agosti 2006, polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi duniani vinataka kila chombo cha majimaji kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa zipu unaoonyesha ndani, usiozidi lita moja kwa kila abiria.

Mililita 100 haifiki theluthi ya chupa ya soda ya mililita 350. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichomo. Chupa ya losheni ya mililita 200 iliyobaki robo bado itazuiliwa. Asali, siagi ya karanga, mafuta ya kupaka na dawa ya mswaki navyo vinahesabiwa humo.

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini Juni 1, 2019 isikutie hofu: mifuko ya zipu ambayo abiria wa ndege hubebea vifaa hivi inaruhusiwa.

Sharti hili hubana zaidi kwenye safari za kimataifa. Chupa ya maji inaweza kupita Mwanza, lakini ukifika Dar es Salaam kuunganisha ndege ya nje utakaguliwa upya, na hapo itazuiliwa.

Mtoto na mgonjwa

Maziwa, uji na chakula cha mtoto vinaweza kuzidi mililita 100, ila viwe vya kutosha safari na umwonyeshe mkaguzi mwenyewe kabla hajauliza. Dawa ni hivyo hivyo: ziache kwenye pakiti zake na ubebe cheti cha daktari, hasa kama kuna sindano. Usiweke dawa kwenye begi kubwa. Begi likichelewa, mgonjwa atakosa dozi, na insulini inaweza kuharibika kwa baridi ya sehemu ya mizigo.

Pawabenki

Hii ni kinyume na wanavyodhani wengi: pawabenki haitakiwi kwenye begi kubwa, inakaa mkononi. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya abiria, wahudumu wataona na kuzima. Kwenye mizigo hakuna mtu. Kikomo cha kawaida ni Wh 100. Pawabenki ya mAh 20,000 ni takriban Wh 74, hivyo inapita. Angalia maandishi yake. Yakiwa yamefutika, unaweza kunyang'anywa.

Vitu vya machimboni

Kisu, mkasi mkubwa na bisibisi ndefu viweke kwenye begi kubwa. Baruti, fataki na mtungi wa gesi haviingii kabisa, na zebaki nayo haisafiri kwenye mizigo ya abiria: ikimwagika inakula alumini, madini yanayotumika sana kujengea ndege. Ukibeba dhahabu, uwe na nyaraka halali za madini.

Kabla hujaondoka

Jioni ya kuamkia safari, mwaga kila kitu mkekani na ufunge upya. Kagua na mifuko ya watoto; kiwembe cha kuchongea penseli hujificha humo. Kila mtu mzima abebe dozi na pampasi za siku hiyo, ili begi moja likishikiliwa safari isikwame.

Ukiwa na shaka na kitu chochote, uliza kaunta kabla ya kukabidhi begi kubwa. Begi hilo likishaondoka, kitakachokataliwa mkononi hakina tena pa kwenda, zaidi ya kumwachia aliyekusindikiza au kutupwa.