Yai Huundwa Horini: Insulini, Lishe na Uzazi wa Ng'ombe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya waundaji wa vyombo vya baharini inaafiki pia jambo litokealo zizini, mbali kabisa na pwani. Mfugaji wa Kiambu au Nyandarua ambaye ng'ombe wake amepandishwa mara tatu bila kushika mimba aghalabu humlaumu mhudumu aliyeleta mbegu, au humdhania ng'ombe kuwa tasa na kumwuza kwa mchinjaji. Ni kweli kwamba huenda mbegu ilikuwa hafifu au saa ya joto ilikosewa. Hata hivyo, yawezekana pia kuwa kosa lilianza majuma mengi kabla, katika hori. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi lishe, kupitia kichocheo kiitwacho insulini, inavyoathiri ukuaji wa yai la ng'ombe.

Safari ya Yai

Ndama jike huzaliwa akiwa na hazina ya mayai machanga katika ovari zake, kila yai likiwa ndani ya kifuko chake. Tangu kifuko kinapoanza kukua hadi yai litoke, miezi kadhaa hupita. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na katika muda huo vifuko hukua kwa mawimbi mawili au matatu. Katika kila wimbi kifuko kimoja hutangulia na vingine hufifia. Kile cha wimbi la mwisho ndicho hupasuka na kuliachilia yai. Kwa hivyo, yai linalotoka leo limelelewa kwa chakula cha miezi iliyopita.

Insulini ni Nini?

Insulini hutengenezwa na kongosho. Wengi huifahamu kutokana na ugonjwa wa kisukari, kwani tangu ilipogunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, wagonjwa walitibiwa kwa miongo mingi kwa insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Katika mwili wa ng'ombe mwenyewe, insulini ni mithili ya tarishi wa shibe. Vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza huchachusha chakula na kutoa asidi mbalimbali. Mojawapo, asidi ya propioni, hugeuzwa na ini kuwa glukosi. Nafaka huizalisha asidi hii kwa wingi kuliko nyasi zilizokomaa. Glukosi ikiongezeka, insulini hupanda na kuliarifu ini kwamba chakula kipo. Ini nalo hutoa kichocheo kingine cha ukuaji, kinachofanana na insulini kwa umbo. Viwili hivi huvisaidia vifuko vya mayai kuitikia vichocheo vitokavyo kwenye ubongo na kutoa estrojeni ya kutosha. Estrojeni ndiyo imtiayo ng'ombe joto na kuutaka ubongo utoe amri ya kuliachilia yai.

Njaa Baada ya Kuzaa

Tatizo huzuka ng'ombe anapozaa. Maziwa huongezeka upesi kuliko hamu yake ya kula, na kiwele hutwaa glukosi bila kuingoja insulini. Insulini hushuka, ini hupunguza kichocheo chake, na vifuko hukua kisha vikakwama. Aidha, ng'ombe huyeyusha mafuta ya mwili wake ili kuziba pengo. Asidi za mafuta hayo hupenya hadi kwenye umajimaji unaolizunguka yai na kulidhuru.

Mwaka 1992, mtaalamu wa Marekani Jack Britt alitoa hoja kwamba vifuko vinavyokua wakati wa upungufu huo hutoa mayai dhaifu majuma kadhaa baadaye. Hapa pana hesabu ya kusikitisha. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Anayetaka ndama kila mwaka amebakiwa na siku 82 tu za kumtungisha mimba ng'ombe wake. Siku hizo ndizo ambazo mayai yaliyolelewa kwa njaa hutoka. Kila joto linalopita bila mimba ni siku 21 zaidi za gharama. Kweli, majuto ni mjukuu.

Kiasi Katika Kulisha

Je, dawa ni kumjazia ng'ombe nafaka? La hasha. Nafaka nyingi za ghafla huchafua tumbo kwa asidi. Hali kadhalika, uchunguzi umeonyesha kuwa mitamba walionona wakizidi kulishwa kupita kiasi, insulini yao hupanda mno na ubora wa mayai yao hupungua. Linalofaa ni wastani: ng'ombe azae akiwa na alama 3 hivi katika kipimo cha unene cha 1 hadi 5, wala asikonde ghafla baada ya kuzaa. Nyasi za nepia zikatwe kabla hazijakomaa na kuwa ngumu, na chakula cha nafaka kiongezwe polepole tangu majuma matatu hivi kabla ya kuzaa.

Hitimisho

Imebainika kwamba insulini huunganisha hori na ovari, na kwamba upungufu na ziada vyote hulidhuru yai. Maarifa haya yanaelezeka kwa maneno ambayo mfugaji tayari anayo: joto, mtamba, kiwele, kongosho, shibe. Yasipomfikia kwa lugha hiyo, ataendelea kumpeleka kwa mchinjaji ng'ombe ambaye hakuwa tasa, bali alikuwa na njaa.