Baiskeli ya ndani na ya barabara: juu ya nini goti linauma kwa moja tu?

Mtu aliyeumia goti anaweza kunyonga baiskeli ya mazoezi kwa kine wiki nyingi bila shida. Lakini siku anaporudi kwenye baiskeli yake, barabara ya Kavumu kwenda Miti ama Katana, maumivu yanaanza tena. Ni rahisi kufikiri goti halijapona. Mara nyingine sababu ni ingine: nafasi kati ya pedali haiko sawa kwenye baiskeli hizo mbili.

Nafasi gani?

Pedali inabebwa na mkono wa chuma, manivela. Nafasi tunayosema inapimwa toka uso wa nje wa manivela ya kushoto mpaka uso wa nje wa ile ya kuume. Kwenye baiskeli za mbio ni karibu sentimita 15. Zile za milimani, 17 ama 18. Baiskeli nyingi za ndani zinafika kati ya 17 na 20, kwa sababu mashine na kifuniko chake viko katikati ya miguu.

Kiuno cha mtu hakibadiliki. Nyayo zikipanuliwa ama zikikaribiana, ni goti, lililo katikati, linalosukumwa upande. Kidogo tu haisumbui. Lakini ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika, nusu saa ni mizunguko 1.800 kwa kila mguu. Na nje kunaongezeka mlima na muzigo.

Namna ya kupima

Kamba, jiwe dogo na chaki vinatosha. Simamisha baiskeli wima, isiinamie upande. Shusha pedali ya kushoto mpaka chini kabisa. Ninginiza kamba kwenye uso wa nje wa manivela, kando ya pedali, na utie alama pale jiwe linapoonyesha. Fanya vile vile kuume, bila kusogeza baiskeli. Umbali kati ya alama mbili ndiyo nafasi yako. Pima baiskeli zote mbili.

Kusawazisha bila kununua

Pedali zetu nyingi ni bapa, mguu unaweza kusogea. Kwenye baiskeli pana, legeza mkanda na usogeze kiatu ndani, karibu na manivela, bila kuigusa. Kwenye ile nyembamba, kisogeze nje kidogo, lakini kibaki chote juu ya pedali. Sentimita moja kila upande inafanya mbili kwa jumla.

Kama haitoshi, fundi anaweza kuweka pedali zenye aksi ndefu. Akumbuke kwamba ya kushoto inafunguliwa kinyume. Asijaze rondela nyingi: meno ya aksi yakiingia kidogo tu, pedali inaweza kungʼoka kwenye mteremko. Aangalie pia aksi ya katikati. Ikibadilishwa na isiyo ya kipimo chake, mguu mmoja unaweza kukaa nje kuliko mwingine.

Kiti kwanza

Mbele ya yote, angalia urefu wa kiti. Kikiwa chini sana, goti linauma mbele. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka, bila kiuno kuinama upande.

Goti likivimba, likiwa la moto ama likikataa kubeba uzito, acha kunyonga na uende kituo cha afya. Hapo siyo kazi ya fundi tena.