Sindano ya mkunga wa delta

Mkunga wa zahanati ya Mbwera au Kiongoroni, ndani ya delta ya Rufiji, akijichoma kwa sindano iliyotoka kwa mama mwenye virusi vya homa ya ini aina B, naye hana kinga, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia 30 kwa 100. Kwa virusi vya UKIMWI, ajali kama hiyo huambukiza takribani 3 kwa 1,000. Wengi wetu tunaogopa cha pili kuliko cha kwanza, ilhali cha kwanza ndicho chenye chanjo.

Je, mkunga huyo alazimishwe kuipata? Swali la kuwalazimisha wahudumu wa afya kuchanjwa lilitushika kwa kishindo mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19. Julai 24 Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za Janssen. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Wahudumu wa afya waliwekwa kundi la mbele, lakini kwa hiari. Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki. Januari mwaka huohuo Rais Magufuli alikuwa ameitilia shaka chanjo yenyewe. Kumwadhibu muuguzi kwa shaka aliyoisikia kutoka juu kabisa kungekuwa kumwonea.

Uingereza ilishika njia ya amri. Wahudumu wa nyumba za kutunzia wazee walibanwa kuanzia Novemba 11, 2021. Wa hospitali walipangiwa Aprili 1, 2022, lakini kabla ya siku hiyo serikali ikarudi nyuma. Aina ya kirusi iliyoitwa Omicron haikuwa kali kama iliyotangulia, na hofu ya kukosa watumishi ilikuwa kubwa.

Hofu hiyo kwenye delta ina uzito mwingine. Zahanati yenye wahudumu wawili ikimsimamisha mmoja, mwenzake akienda Kibiti kufuata dawa, mlango unafungwa. Mama mwenye uchungu atasubiri maji yajae ndipo boti ipite kwenye mikoko.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama amri ni halali, tuulize chanjo yenyewe inamkinga nani. Ya UVIKO ilipunguza sana ugonjwa mkali, lakini uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulififia kwa miezi. Hoja ya kumlinda mgonjwa ikafifia nao. Ya homa ya ini humkinga kwanza aliyechanjwa mwenyewe, na kinga yake hudumu miaka mingi. Watoto wetu wameipata tangu 2002 ndani ya chanjo mchanganyiko, lakini wauguzi wengi wa leo walizaliwa kabla ya hapo.

Hapa mimi nakubali sharti, ila liwe la mwajiri kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka amlinde mfanyakazi wake. Dozi ni tatu: ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kumwambia mkunga azifuate mara tatu kwa nauli yake, kisha kumtisha kwa kutokamilisha, ni kumtwisha mzigo usio wake. Sanduku la baridi linalopeleka chanjo za watoto visiwani lingebeba na zake. Na dozi ya kwanza angeipata siku anayoripoti, kabla hajakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kujifungulia.