Ufunguo wa Bweni Hukaa kwa Nani Usiku?

Mzazi anapompeleka mwanawe katika shule ya bweni hukagua mambo mengi. Huuliza ada, huchungulia jikoni, huhesabu madaftari, na pengine hutaka kujua ni wanafunzi wangapi waliofaulu mwaka uliopita. Ni nadra kumwona mzazi akisimama mbele ya bweni na kuuliza ufunguo wa mlango ule hukaa kwa nani baada ya taa kuzimwa. Ingawa swali hilo laonekana dogo, katika nchi za Afrika Mashariki majibu yake mabaya yamekwisha kuzika watoto wengi.

Mwezi Machi mwaka 1998 wasichana 26 waliangamia kwa moto katika shule ya sekondari ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea huko Kyanguli, wilayani Machakos. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umetiwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Tanzania nayo ilikwisha kuomboleza wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1994, na ikaomboleza tena wasichana 12 wa Idodi, mkoani Iringa, mwaka 2009. Uganda ilipatwa na msiba wa namna hiyo katika shule ya msingi ya Budo mwaka 2008. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka Hillside Endarasha, katika kaunti ya Nyeri, katika bweni lililolaza wavulana 156, na 21 kati yao wakapoteza maisha.

Vyanzo vya mioto hiyo si vya namna moja. Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi. Idodi ulitajwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Lakini mtoto aliyelala hajali kama moto umeletwa na adui au na mshumaa. Kwake yeye jambo ni moja tu: aweza kutoka, au hawezi.

Haifai kudhani kwamba walezi wa mabweni hufunga milango kwa ukatili. Matroni huwaogopa wezi, huwaogopa wavulana wa kijijini, na huogopa kuitwa ofisini asubuhi kueleza kwa nini wasichana wawili walitoroka kwenda dansini. Mwalimu mkuu naye huwaogopa wazazi. Kwa hiyo kufuli hununuliwa kwa nia njema kabisa, na nondo huchomelewa kwa fedha zilizochangwa na wazazi wenyewe. Lakini mwizi huchukua blanketi, na msichana aliyetoroka aweza kurudishwa. Mlango wa bweni na ufungwe kwa komeo la ndani, ambalo hata mtoto mdogo kuliko wote aweza kulivuta gizani, na kazi ya kulinda ipewe mlinzi aliye macho.

Ni vema pia kufahamu jinsi moto unavyoua. Wengi hawafi kwa ndimi za moto bali kwa moshi. Magodoro ya sponji, ambayo leo yamejaa katika kila bweni, hushika moto upesi sana na kutoa moshi mzito wenye sumu; aliyelala huweza kuzimia kabla hajafumbua macho. Hewa iliyo bora kidogo hubaki karibu na sakafu, na ndiyo maana mtoto hufundishwa kutambaa, wala si kusimama na kukimbia. Tena mlango unaofunguka kwa ndani ni mtego: watoto 50 wakiusukuma kwa pamoja, hakuna awezaye kuuvuta.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, na maagizo yake yangefaa nchi yoyote jirani. Unaagiza nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, mmoja kila upande wa bweni, pamoja na mlango wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Bweni la Endarasha liliungua miaka 16 baada ya maagizo hayo kuchapwa. Karatasi haizimi moto; anayekwenda na futi ya kupimia ndiye atakikanaye, na hakuna sheria inayomkataza mzazi kufanya hivyo siku ya kutembelea watoto.

Wajibu mwingine uko nyumbani. Mama anayefunga sanduku la mwanawe asitie ndani mshumaa, kiberiti wala koili ya kuchemshia maji. Taa ndogo ya nguvu ya jua yatosha kwa kusomea. Pia mtoto afundishwe matibabu ya kwanza ya jeraha la moto: maji safi yenye ubaridi yapitishwe juu yake kwa muda wa dakika 20, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Siagi, yai na dawa ya meno, ambazo bibi wengi bado wanaziamini, huzuia joto lisitoke na huleta uchafu katika kidonda. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe.

Lipo jambo moja ambalo shule hulisahau kwa kuwa halina gharama, nalo ni daftari la majina. Baada ya moto wa Endarasha, watoto wapatao 70 hawakujulikana walipo. Wengi walikuwa wamekimbilia nyumba za jirani au wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule ule, na familia nyingine zikakaa langoni zikisubiri habari. Watoto wahesabiwe kila jioni kabla ya kulala, mzazi anayemchukua mwanawe atie sahihi, na nakala ya daftari hilo ikae kwa mlinzi wa lango, mbali na bweni lenyewe.