Umeondolewa tezi kibofu? Usiache kupima damu

Umefanyiwa upasuaji wa kansa ya tezi kibofu, kidonda kimepona na unajihisi mzima. Je, ugonjwa umekwisha? Wanaume wengi hudhani hivyo na kuacha kwenda hospitalini. Hiyo ni hatari, kwa maana kansa hii ikirudi huweza kukaa miaka mingi bila kuuma popote.

Tezi kibofu, au prosteti, hutengeneza protini iitwayo PSA, ambayo huingia katika damu. Tezi ikiondolewa yote, PSA inatarajiwa kushuka hadi isipimike. Kwa kawaida hupimwa wiki sita hadi nane baada ya upasuaji. Baadaye ikipanda na kufika nanogramu 0.2 kwa mililita moja ya damu, na kipimo cha pili kithibitishe hivyo, madaktari huhesabu kwamba kansa imeanza kurudi.

Zingatia jambo hili: karatasi ya maabara huenda ikaonyesha kuwa chini ya 4 ni kawaida. Kiwango hicho ni cha mwanamume ambaye bado ana tezi yake. Kwako wewe, hata 1 si kawaida.

Hata hivyo, PSA kupanda si hukumu ya kifo. Mwaka 1999, madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya wanaume 1,997 waliofanyiwa upasuaji huu. PSA ilipanda kwa 315. Kwa wale ambao hawakupewa dawa za homoni mapema, ilichukua kwa kawaida miaka kama minane kabla ya kansa kuonekana sehemu nyingine za mwili. Kasi nayo ni muhimu: PSA inayoongezeka maradufu kwa miezi mitatu ni ya kutisha kuliko ile inayochukua zaidi ya mwaka.

Siku hizi vipo pia vipimo vya jeni vinavyosaidia kubashiri mapema. Kipimo cha Decipher, kutoka Marekani, huchunguza jeni 22 katika kipande cha tezi iliyotolewa na kutoa alama kati ya 0 na 1. Kadiri alama inavyokaribia 1, ndivyo hatari ya kansa kusambaa inavyozidi. Vipimo hivi ni ghali, na huonyesha uwezekano tu, si hakika. Daktari huvisoma pamoja na alama ya Gleason na ripoti ya iwapo kansa ilifika ukingoni mwa tezi.

Faida yake ni kuamua nani anahitaji miale mapema. Utafiti wa RADICALS wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa, kwa wengi, kungoja hadi PSA ianze kupanda ndipo miale itolewe hakukuwa na hasara, na kuliwaepushia baadhi yao madhara ya mkojo. Lakini wagonjwa hao waliongoja walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, iweke vizuri ripoti ya upasuaji wako. Pima PSA kila baada ya miezi michache mwanzoni, kisha kwa ratiba atakayokupangia daktari, na ikiwezekana katika maabara ile ile. Andika kila tarakimu na tarehe yake. Ikianza kupanda, usingoje maumivu. Mwone daktari wako mara moja.