Dondakoo: Kijidudu Chenye Njaa ya Chuma

Akina mama wengi wameyazoea majina haya matatu yanayotajwa kliniki siku ya chanjo: dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwezi huu tuangalie dondakoo, na jinsi bakteria wake anavyojua wakati wa kutoa sumu.

Bakteria huyu huhitaji madini ya chuma ili akue. Lakini mwili wetu hauachi chuma ovyo. Katika damu, mate na makamasi, chuma hufungwa na protini maalumu. Kwa hiyo bakteria akiingia kooni hukuta njaa.

Ndani yake mna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kila anachohitaji. Jeni za kutafuta chuma zina mlinzi, naye ni protini. Chuma kikiwa tele hushikamana na mlinzi huyo, naye huzikalia jeni na kuzifunga. Chuma kikipungua, mlinzi huziachia, na bakteria huanza kutengeneza vitu vya kunasa chuma. Ubaya ni kwamba mlinzi huyohuyo ndiye anayefunga jeni ya sumu! Mwaka 1936 Pappenheimer na Johnson walionyesha kuwa bakteria hawa wakilishwa chuma kingi maabara, sumu hupungua sana.

Sumu hiyo huzuia chembe hai za mwili kutengeneza protini, nazo hufa. Kooni hutanda utando wa kijivu unaoweza kuziba pumzi. Sumu ikisambaa kwa damu, hudhuru moyo na neva.

Je, tumpe mgonjwa vidonge vya chuma? La, hiyo si tiba ya dondakoo. Mgonjwa hupewa hospitalini dawa ya kupinga sumu pamoja na antibiotiki. Antibiotiki huua bakteria, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kutolewa. Nayo dawa ya kupinga sumu haiwezi kuokoa chembe ambayo sumu imekwisha kuiingia. Hivyo, mtoto mwenye homa, koo linalouma na utando kooni apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kinga ni bora zaidi. Chanjo hutengenezwa kwa sumu yenyewe iliyoondolewa makali, ili mwili ujifunze kuipinga. Hapa Tanzania mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mwaka 2023 dondakoo ililipuka nchini Nigeria, ikawapata hasa watoto ambao hawakukamilisha chanjo. Wazazi, tuzitazame tena kadi za watoto wetu. Dozi moja haitoshi.