Jumuiya Ndogo Ndogo: Barua ya mwenyekiti inapokwamisha ubatizo na mazishi

MUUMINI wa Kanisa Katoliki jijini Dar es Salaam anaweza kuhudhuria misa kila Jumapili kwa miaka 10, akatoa sadaka na zaka bila kukosa, na bado akakwama katika ofisi ya parokia siku anapopeleka jina la mtoto wake ili abatizwe.

Swali atakaloulizwa ni moja: anasali jumuiya gani?

Jibu hutakiwa kwa maandishi, yaani barua au fomu iliyotiwa saini na mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ya mtaani kwake. Bila hiyo, ubatizo, kipaimara na hata ndoa huweza kusubiri. Msiba hausubiri, na hapo ndipo malalamiko huwa makali.

Utaratibu huu haukuzaliwa kama sharti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei ya Novemba 18, 1965, ulisisitiza kwamba kazi ya Kanisa si ya mapadri na watawa peke yao. Mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda huu, walikutana Nairobi na kuufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji.

Nchini Tanzania mbegu hiyo iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Watu walizoea ujamaa na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge alikuwa amejiunga mwenyewe na kijiji cha ujamaa.

Jumuiya ni familia chache za majirani zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, chini ya jina la mtakatifu msimamizi. Husoma Injili, husali, kisha hufika kwenye matangazo. Pengine hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko inavyodhaniwa: nani anaumwa, nani amefiwa, zamu ya kufagia kanisa ni ya nani, mjane yupi hana kodi ya nyumba.

Padri mwenye waumini maelfu hawezi kujua hayo. Mgonjwa aliyelala ndani Mbagala hupata mpako wa wagonjwa kwa sababu jirani alimwarifu katekista. Kwa asili yake, basi, barua ya mwenyekiti ni ushuhuda wa jirani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 868, hutaka pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na jirani ni shahidi mzuri wa jambo hilo.

Tatizo ni maisha ya mjini. Mpangaji huhama Kimara kwenda Gongo la Mboto kabla hajajulikana. Mlinzi na muuguzi hufanya kazi za zamu. Wengine hufika nyumbani usiku kwa sababu ya foleni. Matokeo yake, mzigo wa jumuiya nyingi hubebwa na akina mama na wastaafu, ambao nao wana haki ya kuchoshwa na wanaojitokeza siku ya shida tu.

Lakini mwenyekiti anapofungua daftari la michango kabla ya kutia saini, barua hugeuka stakabadhi. Kanuni ya 222 huwataka waumini kulitegemeza Kanisa kwa mahitaji yake. Hata hivyo, kanuni ya 843 huwakataza wahudumu kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari na wasiozuiwa na sheria. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1184 hutaja wanaoweza kunyimwa, wakiwamo walioiasi imani waziwazi na wadhambi wa hadharani waliokufa bila dalili ya toba. Kutohudhuria jumuiya hakumo katika orodha hiyo.

Kwa anayehama, njia rahisi ni kuchukua barua ya utambulisho katika jumuiya ya zamani na kujiandikisha mpya mapema, kabla ya kuwa na shida. Na kwa familia iliyokwama na jeneza nyumbani, mwenyekiti si mwamuzi wa mwisho: shauri hupelekwa kwa paroko, na penye shaka sheria humtaka amuulize askofu na kufuata uamuzi wake.